Kutoka Lanet hadi Usoma: safari ya kufuata ndege za vita

Jumatatu, Lanet

Tulianzia Lanet kwa sababu Sajini alisisitiza. Mimi nilitaka twende moja kwa moja Kisumu kwenye historia ya ndege za majini, lakini mwenzangu huyu, fundi mstaafu wa injini katika jeshi la wanahewa, ana msimamo kwamba habari za jeshi hazianzi penye samaki. Tukapanda matatu mjini Nakuru, tukapita Free Area, tukashuka na kutembea kandokando ya ua wa kambi huku simu ziko mfukoni. Bango la kukataza picha lipo, na Sajini, aliyeishi nyuma ya ua kama huo miaka mingi, hulitii hata akiwa amevaa kandambili.

Wengi wanaijua Lanet kwa kwata. Hapa ndipo kilipo chuo cha maafisa wa jeshi, na kila mwaka televisheni hutuonyesha makadeti waliohitimu wakipita mbele ya Rais. Wazee wa Nakuru wanaijua kwa jambo jingine. Januari 1964, Kenya ikiwa huru kwa majuma machache tu, askari wa Tanganyika waliasi tarehe 20, wa Uganda wakafuata tarehe 23, na usiku wa tarehe 24 zamu ikawa ya kikosi cha 11 cha Kenya Rifles hapa Lanet. Walitaka mishahara mizuri na walitaka maafisa Waingereza waondoke. Waliokuja kuwazima walikuwa wanajeshi wa Uingereza kutoka Gilgil, mwendo wa saa moja hivi kwa lori. Kikosi cha 11 kikavunjwa.

Ninayaweka maasi hayo kwenye simulizi ya ndege kwa sababu ya tarehe inayofuata. Jeshi la wanahewa la Kenya liliundwa tarehe 1 Juni 1964, serikali ikiwa bado haijaisahau Lanet. Lilianza na ndege ndogo za mafunzo aina ya Chipmunk, kisha zikaja Beaver na Caribou za kubeba watu na mizigo, na Waingereza wakabaki kwenye uongozi. Hakukuwa na ndege ya kivita hata moja. Vita vya shifta vilikuwa vinawaka kaskazini mashariki, ambako barabara ilikuwa ni mchanga na bahati, na serikali ilihitaji kitu cha kufikisha unga, barua na askari Wajir na Mandera. Ndege za kushambulia, Strikemaster na Hunter, zilikuja baadaye, na F-5 za Marekani zikafika mwaka 1978.

"Mwalimu, kumbuka," Sajini akaniambia, "sisi tulianza kama wachukuzi."

Kiwanja cha ndege cha Lanet chenyewe kimekaa miaka mingi kikiwa mali ya jeshi, huku wafanyabiashara wa Nakuru wakilia kwamba mji wao, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2021, hauna ndege ya abiria. Wakati wa utawala wa Uhuru Kenyatta kazi ya kukijenga upya ilianza ili kitumiwe na raia pia. Ukisimama pale na kutazama juu unaona tatizo ambalo hakuna mkandarasi atakayelimaliza: Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi. Sajini alinieleza kwa mikono yake miwili: injini inavuta hewa kidogo, bawa linapata pa kuegemea padogo, na kwa hiyo ndege inahitaji njia ndefu zaidi kabla ya kuacha ardhi. Jua la saa saba likiongezeka, hesabu inakuwa mbaya zaidi. Ndiyo maana rubani mwenye akili hapa huondoka asubuhi.

Jumanne, Nakuru

Asubuhi tulikwenda kwenye makaburi ya Nakuru North. Kuna mawe meupe ya wanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia, ya mtindo uleule unaoonekana Gilgil na Nyeri, yamenyooka kwenye safu kana kwamba wenyewe bado wako gwaride. Baadhi yana nembo ya wanahewa wa Uingereza. Watu wengi hupita hapo bila kujiuliza rubani wa Uingereza alikufaje Nakuru, mahali ambapo adui hakuwahi kufika.

Jibu ni shule. Mwaka 1941 kitengo namba 70 cha mafunzo ya wanahewa wa Uingereza, kilichokuwa kimeanzishwa Ismailia nchini Misri mwishoni mwa 1940, kilihamishiwa Nakuru. Kijana alifika hapo akiwa tayari anajua kurusha ndege, au kusoma ramani, au kulenga bunduki. Alichokosa ni wenzake. Ndege ya shule, Blenheim, ilikuwa ya injini mbili yenye watu watatu ndani: rubani, msoma ramani na mpiga bunduki. Nakuru ndipo watatu hao walipokutanishwa na kuzoeana, wakajifunza kuruka usiku na kudondosha mabomu ya mazoezi, kisha wakapelekwa kupigana kaskazini mwa Afrika.

Kwa nini Nakuru? Tazama ramani ya mwaka huo. Julai 1940 Waitalia walikuwa wameiteka Moyale, na kwa miezi kadhaa Kenya ilikuwa na hofu ya kweli. Lakini Mei 1941 mkuu wao alisalimu amri Amba Alagi, Ethiopia, na Novemba ngome yao ya mwisho, Gondar, ikaanguka. Ghafla Kenya ikawa nyuma kabisa ya vita. Huko Misri ndege za Wajerumani zilikuwa zinafika. Nakuru haikufikiwa na mtu. Kulikuwa na reli ya kuleta mafuta na vipuri, mashamba ya kulisha watu, na anga safi sehemu kubwa ya mwaka.

Hili ndilo jambo lililonikaa kichwani safari nzima. Tumezoea kufikiri kwamba kambi ya ndege huwekwa karibu na adui. Nakuru ilipata kazi yake kwa kuwa mbali naye, na vita vilipohama, kazi nayo ikahama. Kufikia 1943 shule ilikuwa imeondoka.

Sajini hakukubali yote. Kwake, waliochagua Nakuru hawakumwuliza fundi. Kumfundisha mgeni ndege ya injini mbili kwenye hewa nyepesi, na Menengai upande mmoja, na kuta za Bonde la Ufa kila upande, na mawingu yanayoshuka Mau jioni bila hodi, ni kumtafutia ajali. "Injini moja ikizima pale juu, nyingine haikubebi. Inakuchagulia tu mahali pa kuangukia." Akalitazama jiwe la kijana wa miaka ishirini na kitu, akavua kofia.

Jumatano, njiani

Mau Summit, Londiani, Kericho. Mvua ya mawe ilitupata Kericho, kama ilivyo ada ya mji huo, na dereva wa matatu akaegesha chini ya mti pamoja na malori ya majani chai. Hakuna la kusimulia hapo.

Kuanzia pale barabara inaposhuka kuelekea nyanda za Kano joto lilirudi, na Sajini akanyamaza. Upande wa kushoto, kusini, ni Nyakach, alikozaliwa Hezekiah Ochuka, yule askari wa cheo cha chini wa wanahewa ambaye tarehe 1 Agosti 1982 alitangazwa kiongozi wa nchi kwa muda wa saa chache. Jaribio hilo la kupindua serikali liliposhindwa alitorokea Tanzania kwa ndege ya jeshi. Alirudishwa, akashtakiwa, akanyongwa mwaka 1987.

Sajini hakuwepo. Aliandikwa baadaye, na hapo ndipo penye habari yake. Baada ya maasi, jeshi zima la wanahewa lilivunjwa. Walioandikwa upya waliitwa '82 Air Force, wakiwa chini ya uangalizi wa jeshi la nchi kavu, na jina la zamani halikurudi hadi 1994. Kambi nazo zikabatizwa upya: Eastleigh ikawa Moi Air Base, Nanyuki ikawa Laikipia Air Base. Ndege zilikuwa zilezile na karakana zilezile. Kilichobadilika ni kwamba fundi hakuaminiwa tena na ufunguo wa ghala.

"Sahihi tatu kupata boksi la nati," alisema tulipokaribia Ahero, na hilo ndilo pekee alilosema kuhusu 1982.

Alhamisi, Kisumu

Sasa tumefika nilipotaka. Tuliamka mapema tukaenda ufukweni Dunga kabla upepo haujaanza. Ghuba ya Winam ilikuwa imetulia kabisa, gugu maji limesukumwa upande mmoja, na wavuvi wa omena walikuwa wanarudi na karabai zao.

Kabla Kisumu haijawa na njia ya lami ya kurukia ndege, ghuba hii ndiyo ilikuwa uwanja. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilifungua safari kutoka London hadi Mwanza. Kutoka Khartoum kuja huku ilitumia Short Calcutta, ndege yenye tumbo la mashua ambayo ilitua majini na kufungwa kwenye boya kama meli. Mwaka uliofuata barua zilifika hadi Cape Town. Kisumu ikawa njia panda: reli ilikuwa imefika hapa tangu 1901, meli za ziwani zilikuwa zinafunga gati, na abiria wa kwenda kusini walishuka kwenye ndege ya maji wakapanda ndege ya magurudumu. Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ilibeba abiria na barua kati ya Kisumu na Nairobi.

Katikati ya 1937 zikaja kubwa zaidi, Short Empire zenye injini nne na nafasi ya abiria 24, zikitoka Southampton hadi Durban. Mwaka huohuo Uingereza iliondoa ada ya ziada ya barua za ndege kwa sehemu kubwa ya makoloni yake, ikawa barua ya kawaida inasafiri angani. Fikiria mlowezi wa Kitale aliyezoea kungoja meli, sasa anapokea magazeti ya Uingereza ambayo habari zake hazijaoza. Mwafrika aliyeyabeba magunia hayo kutoka gatini hakuandikwa popote, na tiketi ya ndege ile haikuwa ya mshahara wake.

Sajini ndiye aliyenifungua macho kuhusu maji. Mimi nilidhani maji matulivu ndiyo mazuri. Kumbe maji yaliyolala kama kioo ni hatari mara mbili. Rubani anayetua haoni uso wake uko wapi. Anaweza kudhani yuko mita kumi juu kumbe amefika, au kinyume chake. Na anayeondoka hunaswa, kwa sababu tumbo la ndege linagandana na maji bila viwimbi vya kupenyeza hewa chini yake. Dawa ilikuwa motaboti: inatangulia mbele, inachafua maji, kisha ndege inapita juu ya mikunjo. Motaboti hiyohiyo ilikuwa na kazi ya kuhakikisha hakuna gogo, mtumbwi wala kiboko njiani.

Mvuvi mmoja aliyekuwa anatandaza omena alitusikiliza akacheka. "Omera, kiboko haondolewi na motaboti," akamwambia Sajini. "Unangoja akimaliza shughuli zake."

Mchana tulikula ngege wa kukaanga na ugali, tukazungumza juu ya Juni 1940. Hapo ndipo ghuba ilipoandikwa jeshini, na aliyesababisha alikuwa mbali sana. Italia iliingia vitani, bahari ya Mediterania ikafungwa, na njia ya ndege kutoka Uingereza kwenda India na Australia ikakatika katikati. BOAC, shirika la ndege la Uingereza lililokuwa limeirithi Imperial Airways mwaka huo, ilizikusanya ndege zilizobaki upande huu na kuunda njia yenye umbo la kiatu cha farasi: inaanzia Durban, inapanda pwani hadi Dar es Salaam na Mombasa, inakata bara hadi Kisumu na Port Bell, inafuata Nile hadi Cairo, kisha inageuka mashariki hadi Sydney. Barua ya askari wa Australia aliyekuwa Misri haikupita Kisumu, lakini ya askari wa Afrika Kusini ilipita hapa, pamoja na majenerali, wanadiplomasia na vipuri. Rubani alikuwa yule wa zamani na vikombe vya chai vilevile. Abiria ndio waliovaa magwanda.

Wilson Airways nayo ilikwisha hivyo. Vita vilipoanza 1939 ndege zake na marubani wake walichukuliwa na kuwa kikosi cha akiba cha wanahewa cha Kenya, na kampuni haikufufuka. Huwa tunasema kambi ya jeshi imegeuzwa kuwa uwanja wa raia, na tunasahau kwamba mara nyingi raia ndiye aliyetangulia kunyang'anywa.

Ijumaa, Usoma

Tulichukua boda hadi Usoma, ufuo ulio ubavuni mwa uwanja wa ndege wa sasa, nje kidogo ya mji kuelekea Busia. Hapa vita vilifika kwa sura nyingine. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Colombo, kundi la meli za Uingereza lilihamia Kilindini, Mombasa, na nyambizi zikaanza kuwinda meli katika Bahari ya Hindi. Kazi ya kuzitafuta ilipewa Catalina, ndege za majini zenye bawa refu lililoinuliwa juu ya mwili, ambazo ziliweza kukaa angani kutwa nzima. Zilizunguka kutoka pwani, na zilipohitaji matengenezo makubwa zilikuja Kisumu.

Nilimwuliza Sajini faida ya kuileta ndege umbali wote huo. Hakufikiri hata kidogo. "Chumvi." Maji ya bahari hula bati, hula nati, huingia kwenye kila kiungo. Maji ya ziwa ni matamu. Unaiosha ndege, unaiburuta ufukweni, unaifungua bila haraka. Na tena, akaongeza akinitazama kwa jicho la mtu aliyekuwa anangoja nafasi, hapa hapafikiwi na nyambizi, kwa hiyo hoja yangu ya umbali imepona.

Wasioelewa uzito wa doria zile nawakumbusha Khedive Ismail. Meli hiyo ilitoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 ikielekea Colombo, imejaa askari, wakiwemo mamia wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache, na watu karibu 1,300 wakafa. Ndege haziwezi kuwa kila mahali.

Baada ya vita ndege za majini hazikudumu. Vita vyenyewe vilikuwa vimejenga njia za lami dunia nzima na kuzalisha ndege za magurudumu zilizoruka mbali zaidi kwa gharama ndogo. BOAC ilileta Solent zake Naivasha kwa muda mfupi, kisha mwaka 1950 ikaachana kabisa na ndege za majini. Ghuba ya Winam ikarudishiwa wavuvi.

Uwanja wa nchi kavu ndio ulioendelea. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 njia yake ilirefushwa hadi kilomita 3.3 hivi, Mwai Kibaki akaufungua kama uwanja wa kimataifa. Tulisimama Usoma tukatazama ndege ya asubuhi ya Nairobi ikishuka. Ndani walikuwa watu wa semina, wagonjwa wanaokwenda kwa daktari bingwa, na jamaa wa kumpokea marehemu. Sajini alikuwa anatazama kitu kingine: makorongo na kunguru waliozunguka omena zilizoanikwa, karibu mno na mkondo wa ndege. Ndege mmoja akivutwa ndani ya injini anatosha kuharibu siku. Kwa maoni yangu hapo ndipo uwanja wa kisasa unaposhindwa kukaa vizuri na jirani yake, kwani mwanamke anayeanika omena Usoma alikuwepo kabla ya lami, na hakuna aliyempa kichanja mahali pengine.

Jumamosi, Eldoret

Tulirudi kwa njia ya Kapsabet ili tuone Eldoret. Uwanja wake ni wa aina nyingine kabisa. Ulifunguliwa 1997, wakati wa Rais Moi, ukiwa na njia ya kilomita 3.5, huku wafadhili wakilalamika kwamba nchi haikuuhitaji. Mwaka huohuo shirika la kiwanda cha risasi, ambalo nalo liko Eldoret, liliundwa rasmi, kwa hiyo minong'ono kuhusu nia ya serikali haikukosekana. Haukuzaliwa na vita wala haukungoja bahari ifungwe. Ulizaliwa na siasa, na miaka mingi umeishi kwa mizigo: ndege kubwa zinateremka na bidhaa kutoka nchi za Ghuba, elektroniki na nguo za biashara ya Nairobi, kisha zinaondoka bila kitu, ingawa shehena ya maua, maziwa na parachichi iko palepale kwenye mashamba ya jirani.

Nilianza kulaumu mipango mibaya. Sajini akanikata. Eldoret iko karibu mita 2,150, akasema, juu kuliko Nakuru, na ukiijaza mafuta na maua ndege kubwa saa saba mchana, hata hizo kilomita 3.5 utaziona chache.

"Hiyo ikiondoka tupu, rubani hanung'uniki," akasema, akaenda kutafuta matatu ya Nakuru.